Udhaifu wa Sina Makosa

Masasi,
14 Juni 1998

Dada Veridiana,

Shikamoo. Mimi mzima, deki nzima, jenereta inakohoa lakini inawaka. Natumaini hapo Newala mmepata maji angalau ya kunawa uso, maana kondakta aliyeniletea barua yako ya mwisho alisema ndoo inagombewa kama ubwabwa wa harusi.

Nakutumia kanda mbili kwa kondakta huyohuyo. Ni ile tamthilia niliyokusimulia Pasaka, inayorushwa kwenye televisheni Dar es Salaam kila Jumatano. Mfanyabiashara mmoja anairekodi na kutuuzia sisi wenye mabanda ya video. Ina jina refu la Kiingereza, lakini hapa bandani tunaiita Sina Makosa, kwa kuwa ndilo neno analolisema yule jamaa kila akikaribia kukamatwa. Ni injinia. Daraja lake limeanguka na watu juu yake. Aliwaandikia wakubwa kwamba vyuma ni vibovu, barua ikaibwa, sasa anasakwa kwa mauaji, na yeye anamsaka mwizi wa barua. Kila sehemu yuko mji mwingine.

Ombi langu ni lilelile la siku zote. Rajabu atakuwashia deki bandani kwake mchana, kabla wateja wake hawajaja. Waandikie wale watu maneno yao kwa Kiswahili kwenye daftari, nani anasema nini, nami nitawasomea wateja kwenye kipaza sauti. Wewe Kiingereza ulikipata Lulindi kwa wamisionari. Changu kiliishia kwenye salamu. Wiki iliyopita nilijaribu kutafsiri mwenyewe, nikasema Inspekta anayemsaka Injinia ni baba mkwe wake. Watu waliniamini mpaka mkwe alipotoa bastola.

La pili, niambie uzuri na udhaifu wake, bila huruma, kama unavyosahihisha insha. Mfanyabiashara anataka nichukue kanda zote zilizobaki. Mimi nimeshaipenda, kwa hiyo siwezi kuwa hakimu.

Kaka Dastani nilikwenda kumwona gerezani tarehe 6, nilipofuata kanda Mtwara. Amekonda na kikohozi bado hakijamwacha. Nilimpelekea viazi na dawa. Wanasema kesi huenda ikasikilizwa Oktoba. Aliniuliza kama kuna habari yoyote ya Mjomba Bonifasi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, nikamwambia hakuna.

Mdogo wako,
Optatus


Newala,
25 Juni 1998

Optatus,

Marahaba. Maji hatujapata. Jana nimefundisha darasa la tano nikiwa sijaoga siku ya tatu, na wao pia hawajaoga, basi tukaheshimiana.

Daftari hilo hapo, kurasa arobaini na moja. Nimekaa peke yangu kwenye mabenchi ya Rajabu siku nne mfululizo. Siku ya pili alikuja kuniuliza, "Mama Nancy, mbona unaitazama kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba?" Nikamwambia nasahihisha.

Uzuri wake upo, sitaudhulumu. Yule Inspekta ni mtu. Miguu inamvimba, ofisini anavaa ndala, na anamsaka Injinia bila kumchukia, kama mtu anayepalilia shamba la mwajiri. Hofu nayo wameipatia. Injinia haketi akaupa mlango mgongo, na akisikia gari anaacha kutafuna. Aliyeandika hayo aliwahi kumwona mtu anayeogopa. Tena hawachezi na muda wako. Kila sehemu inaisha pale ambapo huwezi kuinuka benchini. Kwa hayo nampa alama hamsini na nne kwa mia.

Sasa udhaifu. Injinia hana mama. Hana dada, hana mpwa, hana hata shemeji wa kumkopa chumvi. Amekimbia sehemu sita na hakuna mtu hata mmoja aliyepigwa kwa ajili yake. Anaingia mji asiojulikana, anaomba maji, anapewa, hakuna anayemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Aje hapa Newala aombe maji tuone. Shati lake halichakai. Kila mji kuna mwanamke wa kumficha, na asubuhi yule mwanamke anabaki mlangoni anapunga mkono, kisha kamera inamwacha. Mimi nilitaka kamera ibaki pale pale mlangoni. Nilitaka kuona mgambo wakifika.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni huu: tumeambiwa tangu dakika ya kwanza kwamba hana makosa. Ndiyo maana wateja wako wanamshangilia kwa raha. Hawajawahi kumficha mtu huku wakijizuia kumuuliza.

Unayajua yote haya, lakini nikiyaandika napumua kidogo. Yule mlinzi wa ghala la korosho pale Nanganga alikufa Novemba 1993, msimu wa wanunuzi binafsi. Wakasema muuaji ni Bonifasi, shahidi akiwa ameona mgongo tu. Mjomba akaja kwetu Lulindi akajificha siku tisa kwenye kibanda cha shambani, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Sikumuuliza. Akavuka Ruvuma. Mgambo wakamkalisha Mama juani siku mbili kwa ajili ya huyo mdogo wake, kisha wakarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Ndipo tulipokaa kikao tukaamua Mjomba afe. Mamba kamla, tukasema. Barua kwa mtendaji wa kijiji na kwa padri niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Tulidhani tutalia siku tatu tumalize. Wazee wakauliza, msiba gani huu usio na mrithi? Marehemu lazima jina lake liliwe na mpwa, la sivyo watu watajua ni maigizo. Basi tukamkalisha Dastani kwenye mkeka, tukampaka unga, akala jina. Akapewa na mikorosho. Akaandikwa Bonifasi kwenye daftari la kijiji, akatia sahihi Bonifasi kwenye kadi ya ushirika, na watoto wa Lulindi hawakumjua kwa jina jingine. Aprili mwaka jana akaja askari mpya na jalada la zamani, akauliza njiani, "Bonifasi ni yupi?" Kijiji kizima, bila hila, kikamwelekeza kwa ndugu yetu.

Mahakamani tulisema huyu ni Dastani, Bonifasi mwenyewe alikufa. Mwendesha mashtaka akauliza kaburi liko wapi. Hadithi ya mamba, alisema, ni nzuri.

Kwa hiyo Injinia asiye na jamaa, Optatus, ana bahati kuliko anavyojua. Au tuseme jamaa zake ndio wenye bahati. Kanda nyingine usinunue kwa ushauri wangu. Ukinunua, nitaandika.

Dada yako,
Veridiana


Masasi,
9 Julai 1998

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejifungia ndani. Usimlaumu Injinia kwa mambo yetu. Watu hapa wanatoka kwenye mashamba yao, korosho zimeshuka bei, wanakaa saa moja na nusu kumwangalia mtu mmoja asiyeshikika. Waache wapumzike.

Daftari lako limeleta heshima bandani. Jumapili watu walisimama mpaka nje. Wanasema tangu nilipoanza kusoma vizuri Inspekta amekuwa na akili.

Udhaifu uliouorodhesha niliwasomea wateja wachache, ule wa tamthilia tu, si wa kwetu. Walicheka ule wa shati. Kuna mteja wangu mmoja mtu mzima, hukaa benchi la nyuma, yeye hakucheka. Alisema kweli shati ni uongo, lakini wewe umesahau uongo mkubwa zaidi: kwenye sehemu ya nne yule mwanamke anampelekea Injinia chakula cha moto kichakani. Akasema mtu anayesakwa hapelekewi chakula cha moto hata siku moja. Akisikia hatua atakiacha, na sahani inayotoa mvuke itasema kwamba mwenyewe hajaenda mbali. Apelekewe ugali uliopoa. Watu wote walimgeukia, wakakubali. Unaona jinsi tamthilia inavyowafikirisha watu?

Nakutumia kanda ya tatu. Nimeamua kuchukua zote. Tafadhali niwahishie daftari kabla ya Jumapili ya tarehe 26, nimeshatangaza.

Mama nilimwona alipokuja sokoni. Anakusalimu. Hali chakula vizuri.

Mdogo wako,
Optatus


Newala,
20 Julai 1998

Optatus,

Marahaba. Daftari la kanda ya tatu limekamilika. Ni sehemu nzuri kuliko zote, Inspekta anazungumza sana. Yapo maneno marefu anayoyasema kwenye redio karibu na mwisho, akijua kwamba Injinia anamsikiliza mahali fulani. Yasome kama yalivyo, usiruke wala usipunguze, na usiyapitie kwanza, ukiyazoea utayaua.

Mteja wako wa benchi la nyuma ana akili. Mwambie asikose.

Veridiana


Masasi,
29 Julai 1998

Veridiana,

Leo sikuamkii.

Nilisoma kama ulivyoniagiza. Unajua ninavyosoma, mdomo unatangulia akili inafuata. Banda limejaa, Inspekta kashika redio, midomo inamcheza, na mimi nasoma kwenye kipaza sauti: "Najua unanisikia. Umekaa nyuma. Mpwa wako yuko ndani mwezi wa kumi na tano kwa jina lako, na anakohoa. Dada yako hali chakula. Siku tisa uliletewa ugali uliopoa na mtu ambaye hakukuuliza kitu. Leo anakuuliza. Ulimuua au hukumuua? Vyovyote iwavyo, toka."

Nilishtuka nikiwa nimefika kwenye ugali. Ulimi ukamalizia wenyewe. Watu wakaanza kuulizana, mpwa gani tena, mbona Injinia hana ndugu? Mmoja akapiga mluzi akidhani ni mambo mapya yanaanza. Mjomba alikuwa pale pale nyuma. Alikaa mpaka kanda ikaisha, akaingia stoo taratibu kama mtu aliyesahau kofia.

Ndiyo. Alikuja Machi, usiku wa mvua, nyayo zimepasuka, akaniita mwanangu. Ningemfanya nini? Wewe ulimficha siku tisa, mimi miezi mitano. Tofauti yetu ni kalenda tu. Aliniambia atajitokeza. Kwanza alisema miguu ipone. Kisha akasema tungoje Pasaka ipite. Kisha ikaja tamthilia, akasema aone kwanza Injinia anavyosafishwa, apate moyo wa kwenda kituoni. Nilimwamini. Nilichukua kanda zote kwa ajili hiyo, kama unataka kujua. Niliziona kama dawa.

Watu walipoondoka nikamwuliza swali lako. Akasema, "Miaka mitano hamkuniuliza, leo mnaniuliza kwa kipaza sauti." Nikamwuliza tena. Akasema yule mlinzi alimshika shati akimwita mwizi, naye akamsukuma, akaangukia chuma cha mizani. Akasema hakukusudia. Alilisema kama mtu anayekueleza alivyovunja kikombe.

Nikamwambia, basi twende kituoni, nitakusindikiza, ueleze hivyohivyo, Kaka Dastani atoke. Akanitazama. Akasema, "Bonifasi si mimi. Bonifasi mlimlilia, mkala wali wake, mkamgawa. Aliyekula jina amekula na mifupa yake. Ndivyo mila inavyosema, mimi sikuitunga." Nikamwambia msiba ule ulikuwa wa uongo, tuliufanya ili apone yeye. Akasema, "Msiba ni msiba. Mikorosho yangu aliikataa? Aliipalilia misimu miwili." Ni kweli aliipalilia.

Jumatatu asubuhi nikaenda kuwasha jenereta, niliporudi stoo ilikuwa wazi. Nilikwenda mpaka karibu na kituo cha polisi, nikasimama ng'ambo ya barabara nikidhani labda nitamwona anaingia. Nilisimama mpaka adhuhuri. Baadaye mama muuza vitumbua aliniambia kapanda lori la mbao.

Ungeniandikia mimi. Ungesema, Optatus, najua. Ningekaa naye tukaongea taratibu, ningempeleka mwenyewe. Wewe ukaona bora unitumie mimi kama kipaza sauti. Umemkurupusha, na sasa hatumwoni tena.

Barua hii uichome.

Optatus


Newala,
4 Agosti 1998

Optatus,

Sikuichoma.

Nilikaa nayo siku moja. Nilihesabu hivi: hiyo ndiyo karatasi pekee duniani inayosema Bonifasi yu hai na Bonifasi si Dastani, na inasema nini kilitokea pale kwenye mizani. Nimeipeleka mwenyewe kwa wakili aliyepangiwa kesi. Aliisoma amesimama. Aliniuliza kama ninaelewa aliyeiandika atafanywa nini. Nikamwambia aliyeiandika ni mdogo wangu, nilimfundisha kuandika mimi, ninaelewa.

Pamoja nayo nimeweka maelezo yangu: kwamba barua ya kifo cha Mjomba niliiandika mimi, nikijua ni uongo. Mwalimu mkuu ameniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nancy anauliza kwa nini siendi shule.

Unasema ningekuandikia wewe. Nilifikiria. Lakini wewe miezi mitano ulikuwa unamngoja yeye awe tayari. Miguu ipone, Pasaka ipite, kanda iishe. Nikikuandikia, mngekaa mkaongea taratibu mpaka Dastani afe kwa taratibu hiyo. Nilikosea kudhani atasimama mbele ya watu kwa aibu. Nilidhani bado ana aibu. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Watakuja kwako wiki hii. Nimekuambia mapema kwa sababu wewe ni ndugu yangu, si kwa sababu nataka uondoke. Usikimbie, Optatus. Ukikimbia watasema barua ni ya kutunga kama mamba. Na Mama yuko palepale Lulindi, na jua la Lulindi unalijua. Kaa kwenye kiti chako, vaa viatu, wangoje.

Sijui kama nitaweza kukuomba msamaha. Leo siwezi.

Veridiana


Newala,
8 Novemba 1998

Optatus,

Barua hii nimeiandika wazi, kwa kuwa mkuu wa gereza ataisoma kabla yako.

Dastani alitoka tarehe 22 mwezi uliopita. Mashtaka juu yake yamefutwa. Wakili anasema kilichomtoa ni barua yako, pamoja na kwamba walikukuta umekaa na ukakiri kila neno. Kwa hilo nakushukuru. Sikuwa na uhakika kwamba watakukuta bado uko.

Mjomba hajaonekana. Jalada lake liko wazi, na safari hii lina picha yake. Rajabu amechukua deki yako na jenereta kuzitunza. Mimi sijarudishwa shuleni, nauza maandazi asubuhi, nayo maji ya kukandia nanunua kwa mtu mwenye baiskeli. Yanatosha hayo.

Dastani yuko kwa Mama. Hataki kuitwa Bonifasi, na mikorosho ameikataa, imeachwa na magugu. Wazee walitaka kufanya sherehe ya kumvua jina, akawaambia wasimguse. Anakohoa, lakini anakula.

Siku ya tatu aliuliza nani alikuwa anajua kwamba Mjomba amerudi. Nilimwambia. Nilitaka aisikie kwangu kabla hajaisikia kisimani. Jioni akasema kwamba kila mwezi ulipokwenda kumwona ulishika nondo ukalia, na yeye ndiye aliyekuwa akikubembeleza. Alikuwa anakuonea huruma wewe. Baada ya kuondoka kwako alikuwa anawaambia wenzake mle ndani kwamba ana mdogo mwenye moyo mwepesi sana, na kwamba akitoka atamtunza. Akahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Alinyoosha mkono wote mbele yangu.

Nilimsihi tuje pamoja kukuona. Amesema hapana, na nisimwulize tena.

Mimi nitakuja Jumamosi. Nimeshapata kibali. Nitakuletea sabuni, blanketi na karanga. Tutakaa dakika zetu tulizopewa na tutaongea unachotaka tuongee, hata haya. Ila usilie mbele yangu.

Veridiana